MAKAZI YA KANDO NA KAZI YA MJINI
Historia ya vitongoji vya Dar es Salaam, kwa faida ya mwanachama anayekusudia kununua nyumba

Na Katibu wa Chama



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama Kikuu chetu mtasoma habari za maghala, habari za mizani na minada, na majina ya wazee walioanza kazi hii wakati hapakuwa hata na meza ya kuandikia. Mimi nimetakiwa niandike juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana geni katika kitabu cha wakulima wa korosho na nazi, yaani habari za vitongoji vya Dar es Salaam, na jinsi watu wa mji ule walivyochagua mahali pa kujenga au kununua nyumba ilhali kazi zao ziko mbali na nyumba hizo.

Sababu yake si ngeni kwenu. Mbele ya Mkutano Mkuu ujao iko hoja kwamba Chama kitenge sehemu ya ziada yake kununua ardhi ya makazi, igawanywe viwanja kwa wanachama wapendao, hasa wale wenye watoto waliokwisha ajiriwa mjini. Sehemu tatu zimependekezwa: moja iko kando ya Barabara ya Morogoro kupita Kibaha, ya pili iko upande wa Kisarawe, nyuma ya Pugu, ya tatu iko Mkuranga, katika Barabara ya Kilwa. Maneno yamekuwa mengi, na mengi ya maneno hayo ni juu ya bei ya eka moja. Nimeona yafaa, kabla hatujanyosha mikono kupiga kura, tujue yaliyowapata waliotutangulia, kwa maana mji ule umekwisha kuwasogeza watu wake nje mara nyingi, na kila mara umewafundisha jambo lile lile.

Jambo lenyewe mkulima wa korosho alijua kuliko mtu mwingine yeyote. Bei inayotangazwa mnadani siyo inayoingia mfukoni. Kati ya hizo mbili zimo gharama za ghala, usafirishaji, ushuru, na fedha ya kukiendesha chama. Na mtu akijisifu kijijini kwa bei ya mnada kabla ya makato, wenzake humcheka. Basi kiwanja nacho kina makato yake. Tofauti ni moja tu: makato ya korosho hukatwa mara moja na kuandikwa katika karatasi, bali makato ya kiwanja cha mbali hukatwa kila siku alfajiri na kila siku jioni, wala hapana karatasi inayoyaonyesha.

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na kazi ikapoa. Wajerumani walipouhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, mji ulikuwa mdogo kiasi kwamba hapakuwa na mtu wa kuuliza swali la usafiri. Mchukuzi wa bandarini alilala karibu na bandari. Hata ilipojengwa reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, garimoshi lile halikuwa la kumpeleka mtu kazini asubuhi na kumrudisha jioni. Lilikuwa la mizigo na la safari. Jambo hili nawaomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Serikali za kikoloni, ya Kijerumani na ya Kiingereza baadaye, ziliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa pwani, Uzunguni. Wahindi na Waarabu katikati, Uhindini. Na Waafrika upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja, katika mtaa ulioitwa Kariakoo kwa sababu ya kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ugawaji ule ulikuwa dhuluma, na sina haja ya kuupamba. Lakini mtu wa Kariakoo alikuwa na kitu kimoja ambacho mjukuu wake leo hana: aliweza kwenda bandarini kwa miguu kwa muda wa nusu saa hivi. Ile nyumba yake, tunayoiita nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, ilimpa kodi ya wapangaji. Na kwa kuwa ilikuwa karibu na kazi, haikukosa mpangaji. Wengi walioshikilia nyumba zile hawakupata hasara.

Mji ulijaa. Ikaja Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikapimwa sehemu za Magomeni, Temeke na Kinondoni. Hapo ndipo neno "mbali" lilipoanza kuwa na maana. Mji haukuenea kama maji yanavyoenea uwanjani. Ulinyoosha vidole kufuata njia kuu nne, yaani Barabara ya Bagamoyo, Barabara ya Morogoro, Barabara ya Pugu na Barabara ya Kilwa. Katikati ya vidole hivyo mashamba ya minazi na mihogo yalibaki, na mabonde yalibaki. Mtu aliyenunua kwenye kidole alipata basi; aliyenunua kati ya vidole alipata matope. Hata leo, ukiitazama ramani ya mji, utaviona vidole vile vile, ila vimenenepa na kurefuka.

Katika siku hizo hizo tunaye mfano mmoja maarufu wa mtu aliyekuwa na makazi huku na kazi kule. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu kilomita 20 kutoka mjini, na TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kazi zake zilikuwa mjini. Wakuu wa shule walimtaka achague moja, siasa au ualimu, na mwaka 1955 aliacha ualimu. Baadaye alijenga nyumba Magomeni, ambayo sasa imehifadhiwa kuwa makumbusho. Sisemi kwamba ni umbali wa Pugu ulioleta Uhuru! Nasema tu kwamba aliyetaka kuwa karibu na watu na mikutano alijenga Magomeni, na kwa wakati ule Magomeni ilikuwa ndicho kitongoji kipya, chenye barabara inayoingia moja kwa moja mjini.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na nyumba nyingi za udongo na makuti zilibomolewa zikajengwa za matofali mahali pale pale. Hilo lilikuwa jambo zuri kwa waliozipata. Lakini watu walikuwa wakiingia mjini upesi kuliko matofali. Hesabu ya mwaka 1967 iliwakuta watu 272,821 katika mji. Hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Mipaka ya hesabu hizo mbili si sawasawa, lakini hata mtoto wa darasa la nne aweza kuona kwamba hapana shirika liwezalo kujenga kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo katika miaka ya 1970 Serikali ilibadili mwendo. Badala ya kumjengea mtu nyumba, ilimpimia kiwanja, ikatia barabara na maji, kisha ikamwachia ajenge mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Kazi hii ilifanywa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kwa njia hiyo zilipatikana Sinza na Kijitonyama. Manzese nayo, ambayo watu walikuwa wamekwisha kujijengea, ilitiwa barabara na huduma bila kubomolewa yote. Mikopo ya kujengea ilitoka katika Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo baadaye ilianguka katika miaka ya 1990. Na karibu na Sinza, sisi wana ushirika tuna jambo la kujivunia: mtaa wa Mwenge ulianza kwa chama cha ushirika cha nyumba, wanachama wakiunganisha akiba na nguvu zao. Mara nyingi husikia wakisema kwamba ushirika ni wa kuuza mazao tu. Wapelekeni Mwenge.

Sinza ya wakati ule ilikuwa nje ya mji. Aliyechukua kiwanja pale aliambiwa amekwenda porini. Leo pale ni katikati, na mwenye kiwanja kile haombi radhi kwa mtu. Mfano huu hupendwa sana na madalali: "Ona Sinza! Nunua porini leo, kesho ni mjini." Nami nawaomba wanachama wautazame vizuri zaidi kuliko dalali. Sinza haikuwa pori tupu. Ilikuwa pori lililopimwa, lenye barabara na mabomba, tena kati ya njia mbili kuu, ya Morogoro na ya Bagamoyo. Kilichopanda thamani ni mpango uliotangulia nyumba. Pori la Sinza lingeachwa bila mpango huo, watu wangejenga vile vile, lakini lingekuwa jambo jingine.

Tena, hata wenye viwanja vile vizuri walipata taabu ambayo ramani haikuionyesha, nayo ni usafiri. Kampuni ya mabasi ya mji ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mabasi hayakutosha, na yaliyokuwapo yaliharibika kwa kukosa vipuri. Wafanyakazi walisimama vituoni saa nzima na zaidi. Watu wenye magari yao wakaanza kubeba abiria kwa siri, na mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliita "dala". Ndiyo asili ya daladala. Mwenye Sinza yake alikuwa na nyumba nzuri na barabara nzuri, lakini mpaka lilipokuja daladala, asubuhi yake ilikuwa mikononi mwa basi lisilokuja.

Hapa yafaa tutupe jicho nje kidogo, maana hoja yetu yaigusa reli. Katika mji wa London, reli ilitangulia nyumba. Sheria ya mwaka 1883 iliwalazimisha wenye reli kuweka garimoshi za nauli rahisi kwa wafanyakazi, na vitongoji vikaota penye stesheni kama uyoga penye kichuguu. Kampuni moja, Metropolitan, ilikuwa na reli na ardhi pia, na tangu mwaka 1915 ilitangaza vitongoji vyake kwa jina la Metro-land: ilimuuzia mtu nyumba, kisha ikamuuzia tiketi ya kwendea kazini maisha yake yote. Na upande wa Ealing, mwaka 1901, wafanyakazi wa ujenzi na marafiki zao waliunda chama cha wapangaji chenye hisa, wakajenga mtaa wa Brentham, nao ulikuwa ushirika kama wetu. Mtu wa huko alipochagua kitongoji alianza na saa ya garimoshi, kisha akatazama nyumba. Sisi tulianza na nyumba, kisha tukaliomba garimoshi lije.

Nalo lilichukua muda mrefu kuja. Tangu reli ya kati ijengwe, ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo, mwezi Oktoba 2012, ilipoanza treni ya abiria wa mjini kati ya stesheni kuu na Ubungo, na nyingine katika reli ya TAZARA. Mwaka 2016 ulikuwa mkubwa kuliko yote. Mwezi Aprili lilifunguliwa daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, na watu waliokuwa wakingoja kivuko wakapata njia ya nchi kavu, ingawa magari yalitozwa ushuru wa kuvuka. Mwezi Mei mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, kwa njia yao wenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro. Na mwaka 2021 kituo cha mabasi ya mikoani kilihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Mtaa uliokuwa wa pembeni ukawa lango la mji.

Sasa nije kwenye uchungu wenyewe, kwa kuwa historia ya vitongoji siyo ya kupanda thamani peke yake.

Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi likajaa. Watu walifariki, na nyumba za Jangwani na mabonde mengine zilizama hadi dari. Waliokaa pale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechagua ukaribu: kutoka Jangwani hadi Kariakoo ni hatua chache, na mchuuzi asiye na nauli huhesabu hatua. Serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya mji, kwenye mwinuko, mahali salama. Wako waliokaa na wako waliorudi bondeni. Mtu akiuliza kwa nini mtu arudi penye mafuriko, jibu liko katika nauli: mafuriko huja baadhi ya miaka, njaa ya kukosa kibarua huja kila siku. Sisemi walifanya vema, bali nasema hesabu yao ilikuwa na sababu, na mwenye kuwapangia wengine makazi asiyeijua hesabu hiyo atawapangia makaburi ya fedha zao.

Jambo la pili ni la Kimara. Mwaka 2017, ili kupanua Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mpaka Kibaha, nyumba zilizokuwa ndani ya eneo la hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya njia, ziliwekwa alama ya X na kubomolewa. Zilikuwamo nyumba za ghorofa, maduka, nyumba za ibada, nyumba zenye umeme na maji, ambazo wenyewe walikuwa wamekaa miaka mingi bila kuulizwa. Watu wale walikuwa wametii kanuni ya kwanza niliyoieleza, ya kujenga kwenye kidole. Walijenga karibu mno na mfupa wake! Mita 121.5 ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na hapana aliyesimama kando ya lami na kuota kwamba barabara ina mkono mrefu kiasi hicho. Kwa hiyo mwanachama anayependa kiwanja cha Kibaha kwa kuwa "kinatazama barabara" aulize kwanza barabara yenyewe inatazama wapi.

Tena lipo jambo la maji, ambalo wauza viwanja hulipitia haraka. Maji ya Dar es Salaam hutoka kwa wingi katika Mto Ruvu, kwa mitambo miwili: Ruvu Juu, penye Mlandizi, uliojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, uliojengwa mwaka 1976. Mabomba makuu huingia mjini kutoka magharibi na kutoka kaskazini. Ndiyo sababu kwa miaka mingi watu wa kusini, Mbagala na Kigamboni, waliishi kwa visima, na wengi wao kwa maji ya chumvichumvi, hali wenzao wa njia ya Morogoro walikuwa na bomba, japo lilikatikakatika. Na mwezi Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, hata wenye bomba walipata maji kwa mgao. Katika mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 na kupima sehemu kama Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni, hati zilipatikana mapema kuliko maji na barabara; wengi wakaviacha viwanja vyao majani, wakingoja. Karatasi nzuri haizimi kiu.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nadharau karatasi. Tangu korosho ziuzwe kwa stakabadhi ya ghala, kila mmoja wetu amejifunza kwamba mzigo usio na stakabadhi si mali, ni hadithi. Ardhi ni hivyo hivyo. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zatenganisha ardhi ya kijiji na ardhi ya kawaida ya mji. Shamba la Mkuranga au la Kisarawe lililo ardhi ya kijiji halinunuliwi kwa maandishi ya daftari la shule na mashahidi wawili chini ya mwembe. Halmashauri ya kijiji ina kauli, na kubadili matumizi kutoka shamba kuwa makazi kuna utaratibu wake. Wanachama wenzetu kadhaa wamo katika kadhia hii kwa upande wa pili, yaani wao ndio wanaouza. Wameuza mikorosho iliyokuwa ikizaa, kwa mtu wa mjini aliyewaambia anataka "kapumziko", na leo wanatazama viwanja 20 vikiuzwa mahali walipouza shamba moja. Chama chetu kikinunua ardhi ya makazi, kitakuwa kinainunua kwa wakulima kama sisi. Naomba jambo hilo lisisahauliwe wakati wa kupatana bei.

Sasa hesabu niliyoiahidi. Tuseme kijana wetu amejenga mahali ambapo hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na safari yamchukua saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Kwa siku 5 za juma, na majuma 48 ya kazi kwa mwaka, atalipa nauli mara 960, na atakaa njiani saa 960. Saa 960 ni siku 40 kamili, mchana na usiku. Nauli moja ikiwa shilingi 700, kwa mfano tu, mwaka utamgharimu shilingi 672,000, na miaka 10 ya umri wa chama chetu ingemgharimu shilingi 6,720,000. Kiwanja kilichokuwa rahisi kwa milioni 5 kuliko cha karibu kimekwisha kula urahisi wake, na bado siku 400 za maisha hazijatiwa bei. Mimi sijui kuzitia bei. Mtoto anayelala kabla baba hajarudi, na kuamka baba amekwisha ondoka, labda yeye aweza.

Mwaka 2024 jambo jipya limeongezeka. Tarehe 14 Juni treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na njiani ziko stesheni za Pugu, Soga na Ruvu. Madalali wamekwisha kuzijua. Bei ya ardhi ya Soga huulizwa hata na watu wasioweza kuionyesha kwenye ramani. Lakini treni ile imejengwa kwa safari za mikoa, kama ile ya Wajerumani. Stesheni iliyo karibu si kitu kwa mfanyakazi kama hakuna treni inayosimama pale saa 11 alfajiri na nyingine saa 12 jioni, kwa nauli ya kila siku. Na ikishamshusha penye stesheni ya mjini, ofisi yake yaweza kuwa Mikocheni. Sisemi haitakuwa. Magomeni ilikuwa mbali, Sinza ilikuwa mbali, Kimara ilikuwa mbali. Nasema kwamba kila moja ya hizo ilikaribia mjini siku usafiri ulipoifikia, wala si siku dalali alipotabiri, na kwamba kati ya siku hizo mbili walipita watu waliosubiri miaka 10, na wengine 30.

Kwa mizani hii, sehemu zetu tatu zaonekana hivi. Ya Kibaha ina barabara iliyopanuliwa, ina mabomba ya Ruvu Juu karibu, na mabasi hadi Mbezi ni mengi. Ila ni ghali kuliko zote, na hifadhi ya barabara yataka kupimwa kwa kamba, si kwa macho. Ya Mkuranga ni rahisi kuliko zote, ardhi ni tambarare na wengi wetu tuna ndugu huko. Njia ya mabasi yaendayo haraka imejengwa hadi Mbagala, lakini kutoka Mkuranga hadi Mbagala ni safari nyingine, na maji ni ya visima. Ya Kisarawe iko juu, hewa yake ni nzuri, haina mafuriko, na Pugu kuna reli mbili, ya zamani na mpya. Ila mteremko wa kuelekea Gongo la Mboto wakati wa mvua na msongamano wa magari ya mizigo ni mambo yasiyoonekana siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku wauza viwanja hupenda kuwapeleka wateja.

Maoni yangu mwenyewe, ambayo hayamfungi mtu, ni kwamba tununue ardhi ndogo zaidi mahali penye njia na maji kuliko kubwa mahali penye ahadi. Halmashauri ina wajumbe wenye maoni tofauti, na mmoja wao amesema kwa haki kwamba mzazi mwenye shilingi milioni 2 hawezi kuambiwa anunue Kibaha.

Basi Halmashauri imeazimia hivi. Kabla ya Mkutano Mkuu wajumbe watatu, mmoja kwa kila sehemu, watalala katika sehemu hizo usiku wa Jumapili. Jumatatu wataamka saa 10 na nusu alfajiri, watapanda magari ya abiria kwa nauli zao kama apandavyo mfanyakazi, bila gari la Chama, mpaka Kariakoo, na jioni watarudi kwa njia ile ile. Kila mjumbe atabeba daftari, ataandika saa ya kila gari na kila senti aliyotoa, na ndoo moja ya maji aliyoyaoga asubuhi ataeleza ilitoka wapi na kwa bei gani. Daftari hizo tatu zitasomwa mkutanoni kabla ya kura, na bei za eka zitasomwa baada yake.